Baba na Dakota ya Ukunda

Ukunda, 21 Agosti 1997

Kaka yangu Feisal,

Assalamu alaykum. Huku twashukuru, na mahindi ya Matuga yamekubali.

Mwezi uliopita baba alisikia ngurumo angani, akasema, "Hiyo Dakota. Nimezitengeneza miaka kumi." Nikampeleka kiwanjani. Kumbe ni kweli: ndege ya zamani kuliko mimi nawe, mkia umekaa chini, na bado yapeleka watalii Nairobi.

Rubani, Bwana Nzau, alimwamkia shikamoo, akamwacha aiguse. Baba alilipapasa bawa lote taratibu. "Walioiunda hii walijua kazi," akasema.

Nzau akaninong'oneza, "Mzee haoni?"

Nisamehe, kaka, tulikuficha. Mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili tangu Ramadhani, na kila tukimtajia hospitali ya Nairobi alikataa safari. Siku hiyo alisema, "Kwa hii nitakwenda." Nzau akatupatia viti viwili vilivyokuwa vitupu.

Alipasuliwa salama. Jana tulirudi, akasimama uwanjani akiitazama ile Dakota mpaka ikaruka tena. Alisema ni nzuri kuliko alivyoikumbuka.

Barua ijayo mwandikie yeye. Atajisomea mwenyewe.

Dadako,
Mbeyu