Difu Bila Oili

Mwenzangu, acha unachofanya usome. Mume wangu amenivua nguo mbele ya mkwe.

Unalijua lile gari la spoti la mkwe wetu. Leo kalileta uani kwetu atoe difu la nyuma, lile dude la gia linalozungusha magurudumu, aweke jingine lenye nguvu zaidi. Mzee wangu kajitolea kumsaidia, kajibiwa, "Baba, wewe kaa tu. Magari ya siku hizi huyawezi."

Mzee akakaa. Pale ndipo nilipopaswa kushtuka.

Kijana kashinda chini ya gari, kafunga kila nati, katoka na grisi hadi masikioni, anacheka. Oili ya difu hajatia hata tone. Kopo lilikuwa miguuni pa mzee, halijafunguliwa. Mzee akalisukuma kwa kisigino chini ya kiti.

Binti yetu naye akarukia kiti cha mbele. Wakawa wanazunguka mtaa kwa mbwembwe, na kila wakipita, mzee anawapungia mkono. Anawapungia mkono, mwenzangu.

Mara difu likapiga yowe, likakwama. Magurudumu ya nyuma yakagoma palepale, gari likageuka likabamiza ukuta.

Mkwe kaja mbio. "Baba, hukuona sijatia oili?"

"Niliona. Si uliniambia nikae?"

Binti alikuwa nyuma yake, kaziba pua kwa kitenge, damu inachuruzika. "Na mimi uliniona nikifunga mkanda?"

Mzee akatazama pembeni. "Nilijua ataendesha polepole."