Nirudishe Ukamanda wa Manowari au Posa Ife?

Shangazi Maryann, naomba unishike mkono kwa ushauri, moyo wangu ni mzito. Mimi ni Mkenya wa miaka ishirini na tisa, nafanya kazi za nyumbani Aziziya, Jeddah, na kila Ijumaa mchana madam na familia wakienda kwa mamake mimi hubaki na simu yangu, na huko ndiko nilikompata Justus, dereva wa Riyadh, kwa sababu sisi Wakenya kumi na wawili wa huku Saudia tuna kundi la gemu ya vita vya anga za juu, unamiliki sayari, unachimba madini, unaunda manowari za kupigana na makundi mengine, na Justus ndiye alikuwa kamanda wetu, tukapendana, mwezi wa nne watu wake wakapeleka posa kwetu Mumias.

Tulikosana juu ya manowari. Justus alitaka meli kubwa zilizojaa mizinga, nami nikasema tuongeze kwanza migodi na visima vya mafuta, meli ziwe ndogo zenye ngao nene, maana manowari isiyo na mafuta ni chuma tu, naye akanijibu kundi zima likisikia, "Rosebellah, wewe chimba. Vita tuachie wanaume." Wakacheka. Nikachimba, lakini Shangazi, hapa ndipo pananiuma, siku tatu kabla ya vita niliacha kumtumia mafuta ya visima vyangu, kimyakimya, nikayapeleka kwa vijimeli vyangu, na tulipovamiwa meli zake ishirini zilikwama zikapigwa zote, vyangu vikaokoa sayari tatu, na kundi likapiga kura likanifanya kamanda. Kesho yake Justus akanipigia simu. "Nirudishie ukamanda, ama niwaambie wazee posa imekufa." Nikamwambia sirudishi. Mama anasema nishuke, gemu si mume. Nampenda, ila kushuka sishuki. Nimekosea wapi?

Rosebellah, Jeddah

Rosebellah binti yangu,

Pole kwa kuchekwa. Ulisema kweli kuhusu migodi, na aliyekujibu kwa dharau hakuwa na hoja nyingine.

Lakini usijifanye malaika. Hukumshinda Justus kwa hoja, ulimfungia bomba. Sasa hakuna anayejua kama meli zake zilikuwa mbovu au zilikuwa na kiu tu, hata wewe hujui. Wenzako walikupigia kura bila kujua ulichofanya. Ijumaa hii waambie wote, Justus akiwemo, kisha waombe wapige kura upya. Wakikuchagua, kaa. Wakikuondoa, ondoka ukiwa umenyooka.

Posa ni jambo lingine. Mwanamume anayeiweka ndoa iwe dau la gemu, kesho ataiweka kwa ajili ya kazi yako, na kesho kutwa kwa ajili ya ndugu zako. Mwambie, "Ukamanda ni wa kundi, si wangu kukupa. Ukitaka kuvunja posa, nenda Mumias uivunje mwenyewe." Usimsaidie kuivunja, wala usimbembeleze asiivunje. Akirudi kuomba radhi kwa maneno yale ya "wewe chimba", msikilize. Asiporudi, umejua mapema.

Na mama mheshimu, lakini mjibu. Ni kweli gemu si mume. Ila anayekutaka ujifanye mjinga ndipo yeye aonekane hodari, huyo naye bado hajawa mume.

Ungama kosa lako, wala usiombe radhi kwa akili yako.

Shangazi Maryann