Ngano ya Athumani Inasubiri

Jumatano usiku, Sindeni

Na bado ni majani matupu! Ngano ya mwanangu Athumani imenawiri kama bibi harusi, lakini suke hata moja hakuna. Mbegu kaileta kutoka Ulaya anakofanya kazi, nami nikajigamba kwa jirani yangu Mama Zaina kwamba mwaka huu atakula chapati za shamba langu. Mdomo wangu huu!

Leo mjukuu wangu Rehema, anayesomea kilimo, kaja kuitazama. "Bibi, hii ni ya ukoo wa kusubiri. Kwao mchana ukirefuka sana ndipo inatoa masuke. Hapa mchana ni ule ule mwaka mzima, basi inasubiri tu. Ziko za ukoo mwingine, hazijali urefu wa mchana."

"Sasa mjomba wako alishindwa nini kuleta hizo?"

Akacheka. Hana adabu.

Jioni Mama Zaina kapita. "Shikamoo Bibi. Chapati lini?" Nimechoka kumkwepa, nikamweleza yote. Akacheka mpaka akashika uzio.

"Kumbe inasubiri! Na Athumani naye anasubiri mchana gani ndio aoe?"

 Marehemu baba yake Athumani alikuwa vile vile, mpaka shangazi yangu alipomfuata kumuuliza kama ana nia ya kunioa. Lakini yule alikuwa hapa hapa. Huyu naogopa atazeeka peke yake kwenye baridi.

Kesho ngano nawakatia mbuzi, nipande mahindi. Athumani mbuzi hawamli. Huyo nampigia simu.