Neno Ambalo Sikulipeleka Darasani

Musonoi, Ijumaa

Yaya Ernestine, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto huko Tenke, nikitumaini mko wazima. Sisi tunapumua, ila tumbo linamsumbua Mama wiki ya tatu sasa, na mimi nina kinyaa ambacho hata sabuni haikitoi.

Unalikumbuka darasa letu la Kichina? Kila Jumamosi tunakutana parokiani, wachimbaji, wauza mihogo, Waluba, Walunda, Wabemba, hata Mama na miwani yake. Sheria ni moja: ukiokota neno jipya kazini unalileta, na wote wanalirudia mpaka aliye mzito wa ulimi alipate. Huyo ni Mama siku zote, na anatucheka sisi wenye haraka. Tulitaka siku kampuni ya Wachina wa mgodi ikija kuzungumza na mtaa, tusifanywe wajinga.

Kampuni ikaja mwezi uliopita kufungua bomba la maji. Mkalimani wao alikuwa Stany, mwenzetu wa darasani. Mhandisi Mchina alimwambia atuonye kwamba maji yana uchafu wa mgodi, tufulie tu, tusinywe. Wakubwa wa Stany walitaka picha za makofi, basi akatugeukia meno nje: “Ile mayi iko muzuri, bamama, munywe tu!” Mama akawa wa kwanza kukinga kikombe. Fyuu! Mtu aliyekula bukari nyumbani kwetu anamnywesha mama yetu takataka! Nikiliona shati lake jeupe natema mate.

Sasa kaa chini, Yaya. Nilisimama mbele kabisa, na nilimwelewa mhandisi vizuri. Asubuhi ile Stany alikuwa ameniahidi kazi ya ukarani ofisini kwao. Aliponitazama, nilinyamaza, nikapiga makofi. Jumamosi tatu wameniuliza nimeleta neno gani, nikajibu sina. Mate yale ninayotema yananirudia mwenyewe usoni.

Ile kazi nimeikataa jana, na maji ya Mama sasa nayachota parokiani. Yeye anadhani ni madeko yangu tu. Kesho nitasimama darasani niwafundishe wote maneno ya mhandisi, tuyarudie mpaka Mama ayapate.

Bado hajui. Anakusalimu sana, na anasema usihangaike juu yetu: maadamu Glodie anajua Kichina, hakuna wa kutudanganya.

Mdogo wako,
Glodie