Kazi Inayoisha Mapema

Kanyangi, Agosti 1978

Kwako dada Syombua,

Huku hatujambo, na yule kuku uliyeniachia anataga. Umeniuliza nafanyaje kumaliza kazi za nyumba mapema. Ni rahisi. Maji ya kufulia siyamwagi. Nanyunyizia sakafu kwanza, nikifagia vumbi haliinuki. Vitambaa vya viti vilinimalizia Jumamosi nzima kwa kufua na kupiga pasi, nikaviondoa. Kengele ya shule ikilia nimeshamaliza, halafu sijui niende wapi. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara mbili kufagia mahali safi.

Wamama wa kanisa wanaona uwanja wangu umefagiwa asubuhi na mapema. Wamesema Alhamisi watakuja niwafundishe, nami nikakubali haraka, mjinga mimi.

Ukweli, dada, vitambaa niliviondoa kwa sababu viti havipo. Nzioka alituma lori likabeba viti, kabati na kitanda chetu, vikapelekwa kwa mwanamke wake wa Malili. Usimwambie mama. Nyumba tupu haichelewi kufagiwa.

Sasa niwaambie wamama somo la kwanza ni kuachwa na bwana? Na hiyo Alhamisi watakalia nini?

Mdogo wako,
Kavata