Nilipima Maji Matupu, Yakafaulu Kuwa Dawa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijavunja nyumba ya dada yangu, maana mimi ni mpimaji katika maabara ya kiwanda cha dawa na mkuu wangu ni shemeji, ndiye aliyenitafutia kazi na kwake ndiko ninakolala, na kazi yetu ni kusaga vidonge vya moyo, kuviyeyusha na kuvimulika kwa miali ya urujuanimno, kwani dawa hiyo ikimulikwa hung'aa buluu na mashine husoma mng'ao ikatuambia dawa ni kiasi gani, sasa tangu shemeji alete sabuni ya unga ya kufulia ya kuoshea vichupa vya kupimia hakuna kidonge kinachoanguka mtihani, nikashangaa, nikatia maji matupu kwenye kichupa kilichooshwa kwa sabuni hiyo, yakang'aa, yakafaulu, nikamwambia, akacheka, "Sabuni inayong'arisha shati langu itashindwa na kichupa?" nikasema king'arisha nguo kilichomo kwenye sabuni nacho hung'aa buluu kikimulikwa, na ndicho kilichoganda kwenye kioo, akasema, "Wewe ulisomea dawa au udobi?" na dada naye akaniita jikoni, "Mdogo wangu, ukimwaibisha mume wangu utalala wapi?" na vidonge vimekwisha kwenda hospitali. Nifanyeje nisimkosee mtu?

Mpimaji mwenye wasiwasi

Pole. Pole hiyo inatosha.

Maji yamefaulu mtihani wa dawa ya moyo, nawe unaniuliza adabu za kwa shemeji! Kuna mgonjwa anameza kidonge chenu, pengine hakina dawa ya kutosha, moyo haujatulia, na daktari anamgombeza kwamba anaruka dozi. Huyo hukumtaja. Umemtaja dada, shemeji na shati. Usiite hiyo heshima. Unaogopa kukosa kitanda, na ni hofu ya kweli, lakini kitanda hupangishwa.

Chukua vichupa vipya, visivyowahi kuiona sabuni ile. Pima maji kwanza. Yasipong'aa, pima vidonge vya akiba mlivyobakiza maabara vya kila toleo lililotoka tangu sabuni ije. Usingoje majibu kuwaambia hospitali: waweke kando matoleo hayo, wagonjwa wapewe ya kabla ya sabuni. Shemeji mwambie ana kwa ana, asije akasema umemzunguka. Akinuna, mwache anune.

Bahasha yako ina nembo ya kiwanda, kwa hiyo sikungoja zamu yako gazetini. Nimekwisha kumpigia mkurugenzi wenu. Jina lako sikulitaja, maana hukuliandika. Anauliza ni nani aliyepima maji. Nenda ukamwambie.