Sauti Ilifika Safu ya Mwisho

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi pamoja na watoto. Natumaini kikohozi chako kimepoa, na kwamba siku hizi unavaa sweta bila kulazimishwa. Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Uliniuliza kwenye simu, ukijitahidi usinilaumu, ilikuwaje mimi niliyefundishwa kuzungumza mbele za watu nikashindwa kusema hata neno moja kwenye mazishi ya Mama. Nilikujibu kwamba ni uchungu. Uchungu ulikuwapo, lakini si wote wa msiba.

Unakumbuka nilivyokuwa, hadi ukanibandika jina la Kimya. Mwalimu akiniuliza swali, sauti yangu inakwenda likizo. Huku chuoni, sisi wa historia tulitakiwa kila mmoja awasilishe utafiti wake ukumbini, na mhadhiri wetu hana mchezo: ukisoma karatasi, unapata sifuri. Alitufundisha kupumua, kutulia kabla ya neno zito, na kumchagua mtu mmoja wa safu ya mwisho tuzungumze naye.

Nilichagua kueleza maisha ya mafundi wa kile kiwanda cha sare kilichofungwa, na karibu yote niliyapata kwa Mama, aliyeshona humo. Yeye pia ndiye aliyeninoa. Alinisimamisha mlangoni, mwenyewe akikanyaga cherehani upande wa pili wa chumba, akasema nikiishinda kelele hiyo hakuna ukumbi utakaonishinda. Asiponisikia, aliinua futi yake ya kupimia bila kusimamisha kazi. Wiki ya kwanza ile futi haikushuka. Tulicheka mpaka akashona mkono wa shati nje ndani.

Siku yenyewe nilivaa gauni alilonishonea. Nilikuwa katikati ya maelezo nilipomwona akiingia. Hakuwa ameniambia kwamba angekuja. Alikaa safu ya mwisho na nguo zake za kazi, pini zimechomekwa kifuani, futi shingoni. Wenzangu wawili walimgeukia, wakanong'onezana, wakacheka. Niliendelea, na nilizungumza vizuri, Kaka, siwezi kukudanganya. Nilipomaliza, mhadhiri akauliza kama yule fundi niliyemhoji anaweza kualikwa aje azungumze na darasa.

Nilisema haiwezekani. Nilisema alishafariki.

Nilisema hivyo nikimtazama Mama kule safu ya mwisho, kama nilivyofundishwa, kwa sauti iliyotulia. Hakuinua futi. Alinyanyuka taratibu akatoka, na mlango akaurudisha kwa mkono usije ukagonga.

Nilipofika nyumbani alikuwa akishona. Aliniuliza kama nimekula. Nikaanza kulia, naye akaniambia nisijisumbue, sauti ilifika vizuri hadi nyuma. Hatukulizungumza tena, na wiki ya tatu baada ya siku ile presha ikamchukua. Niliposimama pale kaburini mkasubiri niseme neno, niliona aibu mbele yake. Nilikwisha kumtangaza marehemu akiwa hai, akinisikiliza.

Nisalimie wifi na watoto. Futi ya Mama ninayo mimi; ukiitaka, nitaituma, maana sijui kama nastahili kukaa nayo. Na ukiona huna la kunijibu, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Kimya